Pampu ya Marehemu Fideli

Mgeni njoo, mwenyeji augue.

Wahenga walisema apone, najua. Lakini wahenga hawakuwahi kumwona Zuwena akiingia msibani na vumbi la Ulyankulu hadi kwenye kope.

Wiki jana tulimwacha amelala chali kwenye mkeka wa watu, kando ya jeneza, pampu ya baiskeli kifuani, akikohoa kikohozi cha mzee ambaye hajapata kumtia machoni. "Nazikwa na pampu yangu!" alikuwa akipiga kelele. "Anayetaka upepo anifuate ahera!"

Tulimwacha akisubiri kicheko.

Kicheko hakikuja.

Alifungua jicho moja. Kwaya ilikuwa imekata wimbo katikati. Katekista alikuwa amesimama na kitabu chake, mdomo wazi. Wanawake waliokaa mikekani walimtazama kama watu wanaomtazama nyoka aliyeanguka kutoka darini: hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kusogea.

Zuwena alikohoa tena, polepole zaidi. Labda hawakusikia vizuri.

Walisikia vizuri sana.

Kwa wale waliopitwa na gazeti la wiki jana, mambo ni haya. Zuwena ni Mzaramo wa Bagamoyo. Yeye na rafiki yake Nisha, mjukuu wa mzee Kassamali mwenye duka la spea pale Tabora mjini, wameendesha pikipiki mbili toka pwani wakifuata njia ya kale ya misafara, na sasa Ujiji imebaki mwendo wa siku mbili. Nisha alitaka wapite lami. Zuwena alikataa, akasema misafara haikupita kwenye lami. Kwa hiyo walipita porini, mpira wa nyuma wa Zuwena ukaingia mwiba, na ndipo ilipogundulika kwamba mjukuu wa duka la spea alifungasha viraka, gundi, plagi, cheni ya akiba na mafuta ya nywele, akasahau pampu.

Kandokando ya barabara alikuwepo mzee mmoja Mnyamwezi, na Zuwena, kwa kumsikia tu anavyosalimia kwa lugha yake, "mwangaluka", alimrukia kwa utani. Walitukanana kwa raha. Kisha mzee akawaelekeza: "Pampu ipo nyumba ile yenye turubai. Mwenyewe amelala. Nendeni mkamwamshe."

Aliyelala alikuwa amekufa.

Hapo Zuwena angeweza kutoa pole akaondoka. Lakini Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za wapagazi, na mtani akiingia msibani ana ruhusa ambayo hata padre hana. Humwiga marehemu, huiba sufuria jikoni, huzuia kaburi mpaka apewe chochote, na mfiwa akinuna, mfiwa ndiye mkosaji. Bibi yake Zuwena, Bi Mwanamkuu, alimwagiza siku ya kuondoka: "Ukifika kwa wale wapagazi, usipite msiba wao kimya. Watasema Wazaramo tumekwisha."

Zuwena aliuliza majirani wawili watatu, akaambiwa marehemu alivyokohoa na alivyoing'ang'ania pampu yake, akaichukua pampu pale ilipoegemezwa jenezani, akalala.

Hakuuliza jambo moja tu. Hakuuliza marehemu ni mtu wa wapi.

"Binti, inuka."

Aliyesema alikuwa mwanamume wa makamo, suti nyeusi, tai imekazwa mpaka shingo imefura, jua la kiangazi likimkaanga na yeye akijifanya halimhusu.

"Mimi naitwa Dismasi. Huyo unayemwiga ni baba yangu, mzee Fideli. Sisi asili yetu ni Burundi." Alikuwa akiongea kama mtu anayesoma matangazo kanisani. "Hatuna utani na Mzaramo. Hatuna utani na Mnyamwezi. Kuanzia hapa hadi baharini, hatuna utani na mtu yeyote."

Zuwena alikaa kitako. Aliitazama pampu. Pampu ilimtazama.

"Kaka, mimi nilidhani..."

"Najua ulichodhani." Dismasi aliinua mkono, na kidoleni mwake ulikuwa unaning'inia ufunguo wenye kipande cha kanga nyekundu. Ufunguo wa pikipiki ya Zuwena, aliokuwa ameuacha palepale kwenye pikipiki. "Kabla jeneza halijashuka, utapiga magoti kaburini, mbele ya watu wote, utaomba radhi kwa sauti. Ukimaliza, huu hapa. Usipoomba, pikipiki inabaki mpaka ukoo ukae uamue."

"Na ukoo unakaa lini?"

"Krismasi."

Akampokonya pampu, akairudisha jenezani kwa adabu zote, akajifuta vumbi la mkono.

*

Nisha alimburuta hadi nyuma ya bani, kibanda cha kukaushia tumbaku, mahali ambapo harufu ya majani makavu ingemtoa mtu machozi hata kama hana sababu. Yeye sababu alikuwa nayo.

"Utaomba."

"Shoga, nisikilize kwanza."

"Nimekusikiliza toka Bagamoyo! Nimekusikiliza Dodoma, nimekusikiliza Singida, kule Choma nimekusikiliza ukimtania mwenye ng'ombe mpaka akatunyima maji. Sasa wewe nisikilize mimi. Utaomba radhi, tutaziba pancha, tutaondoka."

"Kuomba radhi kwa utani ni aibu, Nisha. Bibi akisikia..."

"Bibi yako yuko Bagamoyo anakunywa chai! Sisi dukani kwetu tunaomba radhi kutwa nzima. Mtu anavunja spea mwenyewe, anairudisha, tunamwomba radhi. Umeme ukikatika tunaomba radhi kana kwamba tumeukata sisi. Umewahi kusikia Mhindi wa Tabora amekufa kwa kuomba radhi?"

"Ndiyo maana nyinyi mna duka na sisi tuna ulimi."

Nisha hakucheka. Kwa kawaida angecheka.

"Jumatatu nasimama kaunta," alisema, na sauti yake sasa ilikuwa ya chini. "Babu amenunua kiti. Kiti, Zuwena! Chenye vigurudumu! Ameniambia, 'Nisha, hiki kinazunguka, utafika kila rafu bila kuinuka.' Hiyo ndiyo safari yangu kuanzia Jumatatu. Kutoka rafu ya bolti hadi rafu ya taa. Sasa mimi nataka kuliona Ziwa Tanganyika nikiwa nimelifikia kwa matairi yangu, walau mara moja, kabla sijaketi. Na wewe ulimi wako unanizuia."

Zuwena aliokota jani kavu la tumbaku, akalivunjavunja vidoleni.

"Usipoomba," Nisha alimalizia, "naenda peke yangu."

"Na nani alisahau pampu?"

Alijua ni vibaya kabla hajafunga mdomo. Nisha aligeuka akaondoka.

*

Walipotoka nyuma ya bani, mwenyekiti wa kitongoji alikuwa ameshafika kuamua shauri. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, miguu mbele, amevaa kofia ya pama na tabasamu la mtu aliyekula cha mwenziwe.

Zuwena alilijua tabasamu hilo. Alikuwa ameliona barabarani asubuhi ileile.

"Wewe!"

"Mimi," alikubali mzee Masolwa. "Karibu tena, mtani. Umemwamsha mwenye pampu?"

"Mzee mzima, umenituma kwenye msiba usio wangu!"

"Nilikutuma kwenye pampu. Msiba umejituma mwenyewe." Meno yake yote yalikuwa nje. "Wazaramo bwana! Mnasikia turubai mnadhani ngoma."

"Na nyinyi mnasikia mzigo mnainama kabla hamjaambiwa."

Kwa sekunde moja wote wawili walisahau walipo, wakachekana. Kisha Dismasi akakohoa. Hakukusudia, lakini alikohoa kama baba yake, na wanawake wawili wakatazamana.

"Mwenyekiti, tunaomba uamuzi," alisema. "Wewe ndiye unayejua sheria za huo utani wenu."

Masolwa alivua kofia. Sasa alikuwa serikali.

"Sheria ni nyepesi. Huyu Mzaramo angekuja msibani kwangu, angelala hata juu ya jeneza lenyewe, nami ningemletea mto. Lakini hapa si kwangu. Hawa ni wageni wetu. Mgeni hataniwi. Mgeni anaheshimiwa." Aliinua mabega. "Aombe radhi, mambo yaishe."

Alilisema neno *wageni* kwa upole kabisa, kama anayemsogezea mtu kiti.

Dismasi alitikisa kichwa kukubali. Katekista alitikisa kichwa. Kila mtu aliridhika, isipokuwa mmoja. Kwenye mkeka wa mbele, bibi mmoja mwembamba mwenye rozari mkononi aligeuka akamtazama Masolwa. Punje ya rozari aliyokuwa ameishika haikusogea.

Huyo ndiye Spesioza, mjane.

"Binti yule," alisema mwishowe, "aje anisaidie jikoni."

*

Jikoni palikuwa na moshi, maharage na kisu. Zuwena alikiona kisu kwanza.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Funga mlango."

Alifunga. Bibi Spesioza alikaa kwenye kigoda, akatazama mafiga, akavuta pumzi.

"Kohoa."

"Bibi?"

"Ulikohoa pale nje. Kohoa tena."

Zuwena alikohoa kwa woga, kikohozi cha mtoto aliyebanwa na pipi.

"Siyo hivyo. Kilianzia puani. Kama mtu anayewasha gari bovu. Halafu ananyamaza, unadhani ameacha, halafu ndiyo anakohoa. Halafu ndiyo anakunyima pampu."

Zuwena alianzia puani. Alinyamaza. Akakohoa.

Bibi Spesioza aliuvuta upande wa kitenge chake akauziba mdomo. Mabega yalitikisika. Zuwena alidhani analia, akapiga hatua kwenda kumshika, kumbe bibi anacheka. Anacheka mpaka anajishikilia kwenye ukuta, anacheka na machozi yanashuka hapohapo, na huwezi kujua lipi limeanza.

"Hakuwa akimnyima mtu," alisema alipopata pumzi. "Alikuwa anakuja mwenyewe kukujazia, hata kama ni mbali. Ila haitoki mkononi mwake. Alisema pampu ni kama mke."

"Bibi, mimi kwa kweli..."

"Usiseme. Nisikilize, mwana wanje, maharage hayangoji." Aligeuza mwiko sufuriani. "Tulikimbilia hapa mwaka sabini na mbili. Palikuwa pori, mbung'o wanatula. Tangu wakati huo, akifa mtu, Fideli ndiye wa kwanza na koleo lake. Nusu ya kijiji hiki wamelala kwenye mashimo aliyochimba yeye. Mama yake Masolwa, mvua ilikuwa inanyesha, shimo linajaa maji, wanawe wote wamejibanza barazani. Fideli yuko chini anachota maji kwa ndoo."

"Huyu Masolwa aliyeko nje?"

"Huyohuyo. Na kila msiba wao wanakuja watani. Wanaiba sufuria, wanamwiga aliyekufa, watu wanacheka huku wanalia. Fideli anasimama pembeni na koleo lake, anatazama. Akirudi nyumbani ananiambia, 'Spesioza, sisi tutazikwa kwa adabu.' Alivyokuwa anasema *adabu*, mtu angedhani amesema tutazikwa bila nguo."



"Karatasi za uraia tulipewa. Alizitia kwenye fremu, akazitundika pale ukutani. Akawa anasema, karatasi nzuri, lakini karatasi haikutanii." Bibi alimtazama usoni kwa mara ya kwanza. "Leo umekuja wewe, hujui lolote, umelala kwenye mkeka wangu ukamwiga mume wangu kama vile alizaliwa hapa. Mimi nilikuwa natafuta pa kuchekea na sikupata, kwa sababu wote walikuwa wananitazama mimi."

"Kwa hiyo bibi, mwambie kaka Dismasi anipe ufunguo!"

"Dismasi hanisikii. Ana aibu zake, za zamani. Ufunguo ni wake kutoa, na ukiomba radhi atakupa, maana hasemi uongo. Mimi sina cha kukupa." Aliinuka kwa taabu. "Ila ujue utakachokuwa umekisema. Utakuwa umesema, samahani, nilidhani ni mwenyeji, kumbe alikuwa mgeni. Utalisema mbele ya jeneza lake. Na litakuwa neno la mwisho kusemwa juu yake kabla ya udongo."

Alimpa ungo wa mchele auchambue, kana kwamba hakuna kilichosemwa.

*

Njiani kuelekea kaburini Nisha alijipenyeza pembeni yake. Gurudumu lilikuwa limeshazibwa na kujazwa. Kuna kijana wa kwaya aliyekwenda mpaka kijiji cha pili kuazima pampu, kwa sababu Nisha alimwomba radhi kwa kumsumbua. Hivyo ndivyo Nisha anavyoishi duniani.

"Nimeshamwambia utaomba," alinong'ona.

"Umemwambia nani?"

"Kila mtu."

"Nisha!"

"Piga goti moja tu, la pili wataliongeza wenyewe. Mimi nasubiri barabarani, pikipiki imeelekea Urambo. Ukija, tunalala Kaliua. Usipokuja..." Alivaa kofia ngumu, akashusha kioo, na Zuwena hakuona tena macho yake.

Kaburi lilichimbwa kwenye ukingo wa shamba, udongo mwekundu pande zote mbili. Kwaya iliimba. Katekista alisali sala ndefu iliyogusa mvua, bei ya tumbaku na maadili ya vijana, na kwenye maadili ya vijana alimtazama Zuwena mara tatu. Kisha Dismasi akajitokeza mbele, pampu ya baba yake mkono huu, ufunguo mkono ule.

"Ndugu waombolezaji. Kuna binti aliyepotoka, na amekubali kurejesha heshima ya marehemu. Binti, karibu."

Zuwena alitembea. Nyasi kavu zilikuwa zinalia chini ya viatu vyake. Upande mmoja Bibi Spesioza alikaa mkekani, anatazama mbele, hamtazami yeye. Upande mwingine Masolwa amekunja mikono, tabasamu limerudi. Anangoja kumwona Mzaramo akipiga magoti, apate hadithi ya kusimulia mpaka mavuno.

Alifika ukingoni. Akakunja goti moja. Watu wakashusha pumzi.

Kisha akakunja na la pili, akajishikilia ukingoni, akateleza na viatu vyake mpaka ndani ya kaburi, akakaa kitako chini kabisa, miguu amenyoosha.

"Sitoki," alisema.

Kelele zilizopigwa hapo, hata ng'ombe wa shamba la jirani waliinua vichwa.

"Sitoki mpaka nipewe pampu yangu! Shimo zuri hili, lina kivuli, mwanichimbia mimi nini? Mzee Masolwa! Wewe mpagazi! Njoo hapa nikuone!"

Masolwa alisogea. Angerudije nyuma, watu wote wanamtazama?

"Toka humo, binti. Mchezo umekwisha."

"Haujaanza. Nijibu mbele ya watu. Asubuhi barabarani, nani alinituma nyumba yenye turubai nikamwamshe mwenye pampu? Si wewe?"

"Nilikuwa natania."

"Ahaa. Ulikuwa unatania. Kwa msiba wa nani?"

Masolwa aligeuzageuza kofia yake mikononi.

"Maana mimi nakupa njia mbili, mzee wangu, chagua." Sauti ya Zuwena ilitoka shimoni ikiwa nene, kama inatoka kwa mwenye shimo. "Kama Fideli ni mgeni, basi wewe, serikali ya kitongoji, umemtuma mtu kwenda kumchezea maiti ya mgeni. Njoo upige magoti hapa ukingoni, uombe radhi wewe kwanza, mimi nikiwa nakutazama. Na kama si mgeni, kama ni yule aliyesimama kwenye maji akichota maji kwa ndoo kwenye kaburi la mama yako huku nyinyi mmejibanza pale barazani, basi ni mtu wenu. Na kama ni mtu wenu, ni mtani wangu. Na kama ni mtani wangu, nipe pampu yangu nitoke!"



Mnyamwezi anaweza kumwomba radhi mkewe. Anaweza kumwomba radhi ng'ombe wake, na wapo wanaofanya hivyo kila jioni. Lakini kumwomba radhi Mzaramo aliyekaa shimoni, mbele ya wapiga kura? Masolwa aliuvua uso wa serikali. Alimtazama Bibi Spesioza. Alitazama rundo la udongo mwekundu, na kwa kitambo tabasamu lilimtoka kabisa, akabaki mzee tu aliyekumbuka mvua.

Alivuta pumzi mpaka kifua kikajaa.

"Toka humo, mla nazi wewe!" alinguruma. "Hilo shimo la mtu wetu! Unadhani Fideli wetu alichimbia watu maisha yake yote ili aje alaliwe shimo na mvivu wa pwani?"

"Fideli wenu aliwanyima pampu!"

"Na wewe hutaipata! Alinifuata mpaka Urambo kunijazia upepo, akakataa nisiishike hata kwa kidole!"

"Mimi alinijazia nikiwa na mimba ya miezi saba!" mwanamke mmoja alidakia kutoka nyuma. "Akaniambia, 'Mama, shika mimba yako, pampu nashika mimi!'"

Kicheko cha kwanza kilipasuka upande wa akina mama. Cha pili kikapasuka kwenye kwaya. Bwana mmoja mnene aliweka mikono kiunoni, akajitia kuwa Fideli, akakohoa kwa nguvu.

"Siyo hivyo!"

Wote waligeuka. Bibi Spesioza alikuwa amesimama, rozari mkononi, machozi mpaka kidevuni.

"Kinaanzia puani," alisema.

Basi hapo, msomaji, kijiji kizima kilianzia puani. Wazee, vijana, katekista mwenyewe, wote walikuwa wanawasha magari mabovu kandokando ya kaburi, wanacheka, wanalia, wanakohoa. Na Bibi Spesioza alimwendea mwanawe, akaitoa ile pampu mkononi mwake kidole kwa kidole, akainama, akamteremshia Zuwena.

"Shika haki yako, mtani."

Zuwena aliipokea. Sasa alikuwa na upepo. Hakuwa na ufunguo.

"Mmemaliza?"

Sauti haikuwa kubwa, lakini kicheko kilianza kufa kuanzia mbele kwenda nyuma. Dismasi alikuwa amesimama ukingoni, juu yake kabisa. Tai ilikuwa imelegea. Alikuwa hatazami watu. Alikuwa anamtazama Zuwena peke yake.

"Mimi nilisoma shule ya hapa," alisema. "Nilitaniwa kila siku. Waliniita Mrundi, waliniita mkimbizi, walinifichia viatu. Hakuna aliyeniambia kwamba ule ni utani. Hakuna bibi aliyekuja kuniambia nicheke. Nikaapa kwamba siku nikimzika baba yangu, hakuna atakayefungua mdomo kumcheka. Hicho tu ndicho nilichotaka. Mzazi wangu azikwe na mtu asicheke."

Ulimi wa Zuwena, ule uliotoka Bagamoyo bila kukauka hata Singida, ulikauka. Aliona, kwa mara ya kwanza, kwamba suti ile haikuwa ya kujionyesha. Ilikuwa ngao.

Dismasi aliunyoosha mkono juu ya kaburi. Ufunguo ulining'inia kwenye ncha ya kidole, kipande cha kanga nyekundu kikipepea.

"Neno moja tu. Ukilisema, unapanda, unaondoka na mwenzio. Usipolisema, nauachia humo, jeneza linashuka, udongo unafuata. Nani atafukua kaburi kutafuta ufunguo?"

Masolwa aliangalia kofia yake. Bibi Spesioza hakumwombea Zuwena, wala hakumzuia mwanawe. Alifumba macho tu, kama mtu anayesubiri kusikia jina lake likitajwa, asijue litatajwa vipi.

Kutoka barabarani pikipiki ya Nisha iliwaka. Ikanguruma mara moja. Ikanguruma tena, vile anavyofanya anapokuwa ameshaamua.

Zuwena alisimama ndani ya kaburi la Fideli, pampu ameikumbatia kifuani, udongo mwekundu umemjaa magotini. Alimtazama Dismasi juu kule, jua likimchoma macho.

"Waliokufichia viatu, kaka, hao ndio wanaopaswa kukuomba radhi, na mimi nitakwenda nawe mlango kwa mlango tukawadai," alisema. "Nikitoka humu nikamkuta mmoja wao, nitamtaja kwa jina mbele ya watu. Lakini baba yako nimemtania kwa sababu ni mtu wa hapa. Nikikuomba radhi, nimemfukuza."

Ufunguo uliteleza mpaka kwenye ukucha.

"Kwa mara ya mwisho," Dismasi alisema.

"Siombi radhi. Uachie."